Ponti ya trisikle ikianza kulia: namna ya kuifungua, kuitengeneza na kuirudisha sisi wenyewe



Mumezoea kunisoma hapa juu ya mihogo, maharagi na magonjwa ya migomba. Leo ninaandika juu ya chuma, kwa sababu swali ambalo komite zinaniuliza zaidi siku hizi, iwe hapa Nyalukemba, iwe kule Kabare ao Walungu, si la mbegu. Ni hili: trisikle yetu inalia nyuma, fundi anasema tununue ponti nzima, tufanye nini?

Swali ni la kilimo kabisa. Magunia ya viazi yanaweza kungoja siku mbili. Nyanya, maziwa na lengalenga hazingoji. Trisikle ikikaa wiki mbili garajini katikati ya mavuno, koperative inakodi gari ya mtu kwa bei anayotaka mwenye gari, ama inauza pale pale shambani kwa bei anayotaka mnunuzi. Ponti nzima mpya inaweza kumeza akiba ya msimu. Na mara nyingi kitu kilichokufa ndani yake ni rulema mbili na spi moja.

Kwa hiyo nimeandika namna kazi hii inavyofanyika uwanjani, kwa vyombo vya kawaida, na mahali gani inafaa kusimama na kumpa mwingine.

Kazi ya ponti

Ponti ni ile nyumba ya chuma kati ya mapine mawili ya nyuma. Inafanya kazi tatu. Kwanza inapokea mzunguko wa kardani, ambayo imelala kutoka mbele kwenda nyuma, na kuugeuza uende kushoto na kuume. Pili inapunguza mwendo ili kuongeza nguvu: pinyo, yaani gia ndogo, inazunguka mara nne ao tano wakati kuroni, ile gia kubwa, inazunguka mara moja. Ndiyo maana mashine ndogo ya sentimita kubu 200 inaweza kupanda mlima na mzigo.

Kazi ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Ukikata kona, pine la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Fanya hesabu: kama kati ya mapine mawili kuna mita 1, ukigeuza trisikle nusu duara, pine la nje limetembea zaidi ya mita 3 kupita la ndani, hata kama umegeuka polepole namna gani. Ndani ya ponti kuna gia ndogo zinazoitwa satelite, zinazoshikana na planeteri mbili, moja kwa kila pine. Satelite zinaruhusu pine moja kwenda haraka na lingine polepole, na yote mawili yanaendelea kusukumwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, alitumia mtindo huu kwenye gari la mvuke katika miaka ya 1820, na mpaka leo hakuna aliyepata njia rahisi kuupita.

Sasa munaelewa juu ya nini mimi ninapinga kabisa desturi ya kusude satelite. Fundi anafungua ponti, anakuta meno ya satelite yamekula, anazichomelea ziwe kitu kimoja, na trisikle inaondoka siku ile ile. Kwenye matope shofere anafurahi, maana mapine yote mawili yanavuta pamoja. Lakini ikifika kwenye lami, kila ikigeuka lazima pine moja liburutwe. Zile mita 3 zinalipwa na mpira wa pine, na siku moja zinalipwa na demiarbre, ile fimbo inayobeba mzunguko hadi kwenye pine. Demiarbre ikikatika katika mteremko wa Ngomo na mzigo wa mihogo nyuma, nguvu yote ya mashine inabaki kwenye pine moja tu, na kwenye ponti zingine pine lenyewe linatoka.  Koperative moja niliyoitembelea ilifanyiwa kazi hiyo bila kuambiwa. Waligundua walipobadilisha mapine mapya mara mbili katika msimu mmoja. Musikubali, hata kama ni bei rahisi.

Kabla ya kuhukumu ponti

Kelele ya nyuma si lazima itoke ndani ya ponti. Nyanyua mapine ya nyuma juu ya ardhi, funga pine la mbele kwa mawe pande mbili, na weka magogo imara chini ya shasi. Kriki peke yake haitoshi. Mtu asiingize mkono ao kichwa chini ya trisikle iliyobebwa na kriki tu.

Shika kila pine juu na chini ulitikise. Likicheza, shida ni rulema ya pine. Shika kardani na uizungushe kidogo kushoto na kuume: kama misalaba yake inacheza, ndiyo inayofanya «tak» kila shofere anapotia gia. Angalia tena kama mapine mawili ya nyuma ni ya kipimo kimoja na yamejazwa hewa sawa. Pine moja likiwa dogo, satelite zinazunguka mchana kutwa hata kwenye barabara iliyonyooka, na hazikuumbwa kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo sikiliza namna inavyolia. Mlio wa kuimba, unaoongezeka ukivuta gazi na kubadilika ukiachilia, unatoka kwa pinyo na kuroni ao rulema za pinyo. Mlio unaokuja kwenye kona tu unatoka kwa satelite, ao kwa rulema ya pine linalobebeshwa uzito kwenye kona ile. Mlio wa kusaga usiobadilika hata ukikata gazi na kutoa gia ni wa rulema za kuroni ao za mapine.

Ushahidi mkubwa uko katika mafuta. Fungua bulo la chini na uyapokee katika chombo safi cheupe. Mafuta meusi ni uzee tu. Mafuta ya rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni kitu cha kawaida. Vipande unavyoweza kushika kwa vidole, hapana. Ukikuta kipande cha jino, trisikle isitembee tena hata mita moja, maana kipande hicho kikipita kati ya pinyo na kuroni, kitavunja yote mawili.

Kwetu, shida ya maji ndiyo inaongoza, na munajua barabara zetu kuanzia Septemba hadi Mei. Juu ya ponti kuna kitundu kidogo cha kupumulia, chenye kofia. Ponti inatembea, inapata moto, hewa ndani inapanuka na kutoka. Kisha shofere anaingia mtoni ao kwenye dimbwi linalofunika ponti. Chuma kinapoa ghafula, hewa ndani inajikunja, na ponti inanyonya maji kupitia kitundu hicho ao kwenye midomo ya spi. Hakuna aliyekosea kufunga bulo. Mwishoni nitasema namna ya kuzuia jambo hilo.

Kufungua

Osha nje kwanza, kwa brosi na sabuni, mpaka uone rangi ya chuma. Mchanga wa nje ukiingia ndani, kazi yote ni bure. Chagua mahali pasipo vumbi. Turubai la kukaushia kahawa linafaa kutandikwa chini. Kwa kuosha vipande tumia mazutu, si esanse, na jiko la makala liwe mbali.

Piga picha kwa telefone kila hatua kabla ya kutoa kitu. Weka bulo na rondele katika sinia ya mayai, kila shimo kwa mahali pake. Toa ngoma za freni, vuta demiarbre mbili, ondoa kardani, kisha fungua bulo za resori na ushushe ponti nzima. Inafaa watu wawili ao watatu, kwa sababu ni nzito na inapenda kuviringika.

Kabla ya kufungua vishikio vya rulema za kuroni, vitie alama kwa msumari: nukta moja kwa cha kushoto, mbili kwa cha kuume. Vilichongwa pamoja na nyumba yao, na ukivibadilisha upande, rulema haitakaa sawa tena. Ndani utakuta vipande vyembamba vya chuma, mafundi wanaviita makale, vingine nyuma ya pinyo, vingine pembeni ya kuroni. Vinaonekana kama takataka, lakini ndivyo vinavyoamua pinyo na kuroni vikutane wapi. Vifunge kwa uzi kila kundi peke yake na uandike vilitoka wapi. Kama unarudisha kuroni na pinyo zile zile katika nyumba ile ile, makale yale yale ndiyo mwanzo wako mzuri.

Kutazama na kununua

Meno ya kuroni na pinyo yawe laini na ya kung'aa kidogo. Yakiwa na mashimo madogo kama uso wa jiwe la pomboo, ao ncha zimevunjika, basi ni kununua. Kuroni na pinyo zinanunuliwa pamoja, jozi moja, kwa sababu zilisagana kiwandani. Kutia pinyo mpya kwenye kuroni ya zamani ni kutupa pesa ya pinyo.

Satelite: angalia meno, na zaidi angalia ile pini inayozishika. Ikiwa na mfereji unaohisi kwa ukucha, ibadilishwe, pamoja na rondele za nyuma ya satelite.

Rulema: ioshe, itie tone la mafuta, uizungushe karibu na sikio. Ikikwaruza, imekwisha. Kabla ya kwenda Kadutu kununua, soma namba iliyochongwa kwenye pete yake. Namba hiyo ndiyo jina lake duniani kote. Rulema haiulizi kama inaenda kwenye trisikle ao kwenye kinu cha mahindi. Kwa zile za kawaida, kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho mara 5 zinakupa tundu la ndani kwa milimita. 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52 na unene 15. 30205 nayo ina tundu la 25, lakini ni ya koni, na ukiichanganya na ile ya kwanza haitafanya kazi. Spi vilevile: 35-52-7 maana yake fimbo ya milimita 35, nyumba ya 52, unene 7. Ukienda na namba, muuzaji hakuuzii «piesi ya trisikle», anakuuzia rulema, na bei inaanza kushuka yenyewe.

Kama munafikiria kununua ponti nzima iliyotumika, hakikisheni ina hesabu ya meno sawa na yenu. Haihitaji kufunguliwa. Shika pine moja lisizunguke, zungusha lingine mara 2 kamili, na mwenzako ahesabu kardani imezunguka mara ngapi. Kwa sababu ya satelite, mizunguko 2 ya pine moja ni mzunguko 1 wa kuroni. Kardani ikizunguka mara 4 na nusu, hesabu ni 4.5. Mukiweka ponti ya hesabu ndogo kuliko yenu, trisikle itakimbia vizuri ikiwa tupu na kukataa mlima ikiwa na mzigo.

Kurudisha ndani: hapa ndipo penye subira

Hakuna rulema inayoingia kwa nyundo ya moja kwa moja. Ikiwa inaingia kwenye fimbo, sukuma pete ya ndani tu, kwa bomba lenye kipimo chake. Ikiwa inaingia kwenye nyumba, sukuma pete ya nje tu. Ukipiga pete isiyo yake, nguvu inapita kwenye gololi na kuzitia alama, na rulema mpya inaanza kulia siku ya kwanza. Njia nzuri zaidi kwa fimbo: weka rulema katika sufuria ya mafuta safi juu ya moto mdogo, ipate joto la digri 100 hivi, isipite 120, na itateleza yenyewe. Mafuta yasianze kutoa moshi. Sufuria hiyo isirudi jikoni kwa mama.

Spi inaingia na mdomo wake wenye kamba ya chuma ukiangalia ndani, upande wa mafuta. Paka mdomo grisi, ipige polepole kwa kipande cha mbao iingie sawa pande zote. Kama spi ya zamani imechimba mfereji kwenye fimbo, spi mpya itavuja vilevile. Jaribu kuisimamisha milimita moja ao mbili mbele ao nyuma ya pale ilipokuwa, ili mdomo ukanyage chuma kisichoguswa, ila isizibe njia ya mafuta.

Bulo za kuroni: osha nyuzi zake, tia koli ya bulo, kaza kwa msalaba, moja hapa na nyingine upande wa pili. Bulo la milimita 8 la daraja la 8.8 linataka nguvu ya Nm 25 hivi, la milimita 10 karibu 45 hadi 50. Wengi hawana ufunguo wa kupima nguvu, lakini kila koperative ina balansi ya kuning'iniza. Weka ufunguo wenye bomba la sentimita 50, funga balansi kwenye ncha na uivute kwa pembe ya mraba: kilo 10 kwenye balansi ni Nm 49. Kilo 5 ni nusu yake. Hesabu ni hiyo tu.

Rulema za koni za pinyo zinaomba kitu kingine: zibanwe kidogo, si nyingi. Zikilegea, pinyo inacheza na kuimba; zikibanwa sana, zinaungua. Kaza ekru ya pinyo kidogo kidogo, huku ukizungusha pinyo kwa mkono, kabla ya kutia kuroni na kabla ya spi. Halafu zungushia uzi kwenye flanje, funga balansi ndogo, ile ya wauza samaki ya kilo 10, na uvute. Kwa rulema mpya za ponti ndogo, kama kitabu cha mashine hakipo, Nm 1 hivi ni kipimo cha busara. Kama flanje ina sentimita 4 kutoka katikati hadi ukingo, hiyo ni kilo 2 na nusu kwenye balansi wakati pinyo inazunguka, si wakati inaanza. Ponti nyingine zina kibomba chembamba kati ya rulema mbili kinachojikunja unapokaza. Hicho kinatumika mara moja. Ukipita kipimo, usilegeze ekru kurudi nyuma, weka kingine.

Sasa nafasi kati ya meno ya kuroni na pinyo. Kwa ponti ndogo inatakiwa iwe milimita 0.1 hadi 0.2, yaani unene wa karatasi moja ao mbili za kaye. Shika pinyo isitembee, tikisa kuroni: unatakiwa uhisi «tik» ndogo. Ili kupima, pitisha waya mwembamba wa risasi ya kusudea kati ya meno, zungusha polepole, na upeleke kile kilichobanwa kwa fundi wa kuchonga vyuma akipime. Fanya hivyo mahali pane kwenye kuroni. Namba zikiachana sana, kuroni haikukaa vizuri, labda kuna mchanga chini yake. Kusogeza kuroni, toa kale upande mmoja na uiweke upande wa pili, ile ile, ili jumla isibadilike.

Mwisho ni rangi. Paka meno matano ya kuroni rangi ya mafuta ya njano iliyo nzito, zungusha pinyo kwenda na kurudi huku mwenzako anazuia kuroni kidogo kwa kipande cha mbao. Alama inayobaki inakuonyesha mahali meno yanagusana. Inatakiwa iwe katikati ya jino. Ikiwa juu kwenye ncha, pinyo iko mbali, isogee karibu na kuroni. Ikiwa chini kwenye shina la jino, pinyo imeingia sana, irudishwe. Ikiwa kwenye mwisho wa jino ulio upande wa nje wa duara, sogeza kuroni karibu na pinyo. Ikiwa upande wa ndani, iondoe kidogo. Kila unapobadilisha kale moja, pima nafasi tena. Niliona vijana wa usafirishaji wakifanya hivi mara sita mchana mmoja kabla ya alama kukaa mahali pake, na hiyo si nyingi.

Kama baada ya kujaribu namna hiyo alama inakataa kuja katikati, simameni hapo. Inawezekana nyumba ya ponti imepinda ao pinyo na kuroni si jozi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine, na kumlipa kwa kipimo hicho kimoja ni rahisi kuliko kumlipa kwa kila kitu.

Kurudisha chini ya trisikle

Kwenye kardani, uma mbili za fimbo moja zielekee upande mmoja, zisiwe moja imesimama na nyingine imelala. Zikiachana, trisikle inatetemeka na misalaba inakufa mapema. Ponti ikae juu ya bulo la katikati la resori pande zote mbili. Pima kwa kamba kutoka kila pine la nyuma hadi mahali pamoja mbele; urefu uwe sawa.

Freni musizirudishe bila kuziangalia. Spi iliyovuja ya demiarbre inamwaga mafuta kwenye viatu vya freni. Viatu vilivyolowa mafuta havioshwi vikapona; vinabadilishwa. Ngoma ioshwe na kukaushwa. Hili ninalitilia mkazo kwa sababu ya miteremko yetu na kwa sababu nyuma ya trisikle, juu ya magunia, mara nyingi kuna mama anayesindikiza mzigo wake.

Mafuta ni ya ponti, 80W-90 ao 85W-90, yenye maandishi GL-5, si mafuta ya mashine. Trisikle ikiwa mahali palipo tambarare, jaza mpaka yaanze kudondoka kwenye tundu la kipimo, basi. Kuzidisha kunasukuma mafuta kwenye spi.

Siku ya kwanza tembea kilomita 20 bila mzigo, usimame, uguse ponti. Ikiwa na joto unaloweza kuvumilia kwa kiganja, sawa. Ikiwa huwezi kuacha mkono sekunde tano, rulema zimebanwa sana ao mafuta ni machache, usiendelee. Kilomita 50 za kwanza zikiisha, kaza tena bulo za resori. Kati ya kilomita 300 na 500 fanya vidanji, kwa sababu gia na rulema mpya zinatoa unga wao mwanzoni.

Baada ya hapo ninashauri vidanji ifuate kalenda ya shamba, maana hiyo hakuna anayeisahau: moja kabla ya mvua za Septemba, moja Februari kabla ya msimu B, na nyingine kila mara ponti inapozama majini. Iandikwe katika kaye ya koperative, pamoja na sahihi ya shofere na ya mtu wa komite. Ponti ni mali ya wanamemba wote, si siri ya shofere.

Na kitundu cha kupumulia: toa kofia yake, ingiza mpira mwembamba unaovumilia mafuta, upandishe mpaka chini ya kiti, funga kwa kolye, na mdomo wa juu uukunje kuelekea chini mvua isiingie. Ni mita moja na nusu ya mpira. Ponti itapumua hewa ya juu hata ikiwa imezama.

Mafuta yaliyotoka musiyamwage kwenye mfereji. Hapa Nyalukemba mifereji inateremka moja kwa moja ziwani, na kule vijijini inapita kando ya bustani za lengalenga. Yana vumbi la chuma na madawa yasiyooza udongoni. Yawekeni katika bido moja lenye alama, mbali na watoto. Yanafaa kupakwa kwenye nguzo za mbao za uzio juu ya mchwa, mbali na visima na mimea ya kula, lakini si kwenye maghala ya maharagi wala kwenye ngozi ya mbuzi.